Hotuba Juu ya Reli ya Mafia na Namna ya Kuipachika Nyuma ya Pikapu

Hadhirina watukufu, mashekhe na wazee wa mtaa, manahodha, walimu, madereva wa pikapu na wa bajaji, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, na hata wewe bwana uliyekuwa ukienda sokoni na kikapu chako ukavutwa na sauti yangu: nimeombwa na watu wengi nizungumze jioni hii hapa Kilindoni, na ijapokuwa watu hao wengi hawakujaliwa kufika, kila mmoja kwa udhuru wake, taadhima waliyonipa siwezi kuipuuza; kwani ilimu ikikaa kifuani mwa mtu mmoja bila ya kutolewa huwa ni dhuluma kwa walimwengu, nami sipendi kuitwa dhalimu katika kisiwa nilichozaliwa.

Nasimama mbele yenu kwa cheo cha Mtaalamu Mkuu wa Mapambo ya Reli wa Kisiwa cha Mafia pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, cheo ambacho nimejitunuku mwenyewe, si kwa kiburi, hasha, bali kwa insafu, baada ya kuwatafuta washindani wangu toka Ras Mkumbi mpaka Ras Kisimani nisimwone hata mmoja. Maudhui yangu ni namna ya kutengeneza pambo la sura ya treni, lipachikwalo katika lile bomba la mraba linalochomoza chini ya bampa ya nyuma ya pikapu, mahali ambapo watu wasio na nadhari hufungia tela. Mabwana wa Marekani, ambao wamejaliwa magari makubwa na faragha kubwa ya kufikiri, wamekwisha kulipamba tundu hilo kwa kila kitu kinachoweza kupambia, huyu kichwa cha samaki, yule bendera, mwingine nembo ya timu yake ya mpira. Na miongoni mwao wapo waliofikia daraja ya juu kabisa ya fani hii, wakapachika hapo mfano wa kiungio cha mabehewa. Hao ndio ndugu zangu. Hawanijui, lakini ndio ndugu zangu.

Nalijua swali lililo midomoni mwenu, kwa kuwa huulizwa kila nifunguapo kinywa barazani, na huulizwa kwa tabasamu ambalo mimi hulisamehe: Mafia ina treni gani, hata pikapu zake zipambwe kwa treni? Swali hili ladhihirisha kwamba muulizaji hakusoma tarehe, na kwa kuwa hakusoma, nitamsomea.

Mtazameni jirani yetu Unguja. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hata alipofariki 1888, alijitandikia reli ya kwendea jumba lake la Chukwani, mabehewa yake yakikokotwa kwanza na nyumbu, kisha na kijitreni cha moshi alichokiagiza Uingereza. Na mwaka 1905 kampuni ya Wamarekani ikatandika reli nyingine toka mjini kwenda Bububu, ikapita karibu mno na nyumba za watu, nami naamini mwenye kukaa barazani alilazimika kukunja miguu. Bara nako Wajerumani walianza reli ya Tanga 1893 wakaifikisha Moshi 1911, wakaanza ya Dar es Salaam 1905 wakaifikisha Kigoma Februari 1914. Sisi je? Mkataba wa 1890 baina ya Waingereza na Wajerumani uliiweka Mafia upande wa Mjerumani, na Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Mwingereza. Na natija yake, kwa mwenye akili ya kupambanua, ni kwamba tulikosa treni ya Bububu kwa kuwa sisi si Unguja, tukakosa na treni ya Kigoma kwa kuwa sisi ni kisiwa. Mabwana walitia saini zao huko Berlin, wakafuta wino, wakaenda kula, na mimi leo sina steshini.

Wala si kwamba kisiwa hiki kilipungukiwa na sifa. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, baadaye wakaifanya kituo cha ndege zao, na ni kwa macho ya ndege zilizoruka hapa kwetu kwamba manowari Severn na Mersey ziliweza kuilenga Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani iliyojificha katika vijito vya delta ya Rufiji, mpaka ikaangamia tarehe 11 Julai mwaka ule. Mafia basi iliona chombo kikiruka angani kabla ya kuona chombo kikitambaa juu ya chuma, na hiki cha pili inakingoja mpaka sasa. Mizinga ya Königsberg ikaopolewa, na mmoja wao ukafikishwa Kigoma, ukapachikwa katika Graf von Götzen, meli ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba. Pimeni wenyewe. Mzinga wa manowari haukuota mabawa hata ufike Ziwa Tanganyika; ulipanda treni. Na ungelipandaje treni kama Mafia isingelisaidia kuizamisha meli yake? Kwa hiyo Mafia ina mkono katika reli ya kati, na ina haki ya kudai fungu lake, nami nimelidai kwa barua zilizoandikwa kwa hati nzuri, na majibu yote yako njiani.

Juu ya hayo, reli zenyewe huko Bara hazisikilizani. Ya kati, ile ya zamani, upana wake ni milimita 1000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina baina ya 1970 na 1975, ni milimita 1067, hata mizigo sharti ishushwe hapa ipakiwe pale huko Kidatu, zinapokutana reli hizo mbili zisizoweza kupeana mkono. Na hii mpya ya umeme, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ni milimita 1435. Reli tatu, vipimo vitatu, na hakuna anayecheka. Mimi nimeongeza kipimo cha nne, milimita 51, ambacho ndicho upana wa ndani wa bomba la inchi mbili la pikapu, na watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Sitawasahau siku ya ufunguzi.

Tuingie sasa katika sanaa yenyewe, kwa kuwa naona baadhi yenu mnatazama jua.

Mpwa wangu, kijana mwema ila ana pupa, alinijia na rai ya kuchonga kichwa cha treni, chenye bomba la moshi na magurudumu na kifuu cha nazi kuwa taa. "Mjomba," akaniambia, "hapo watu watajua ni treni." Nilimwacha amalize, kwa kuwa mtaalamu hamkatizi mjinga, kisha nikamwuliza: pikapu ikienda mbele, kichwa hicho kilicho nyuma kitatazama wapi? Akasema kitatazama nyuma. Basi, nikamwambia, hiyo ni treni irudiyo kinyumenyume maisha yake yote, toka Kilindoni mpaka Utende juu ya lami, mbele ya wageni, na ikifika Utende ikigeuka kurudi bado yarudi kinyumenyume. Na hakuna fadhiha kubwa kuliko hiyo katika elimu ya reli. Kiungio lakini mahali pake ni nyuma. Ukikipachika nyuma ya pikapu hakijahama kwao. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu, nami niliuhesabu ukimya ule kuwa ni kukubali, ingawa mama yake asema alikuwa na homa.

Kiungio ni nini? Zamani mabehewa yaliungwa kwa pete ndefu ya chuma na pini, na ili pete iingie mahali pake ilimbidi mfanyakazi asimame katikati ya behewa lililosimama na behewa linalokuja, aishike pete kwa mkono wake, ailenge, na autoe mkono kabla ya chuma kukutana na chuma. Wengi hawakuwahi kuutoa. Akatokea huko Alexandria, katika jimbo la Virginia, mtu aitwaye Eli Janney, karani wa duka ambaye kabla ya hapo alikuwa meja katika jeshi la upande ulioshindwa vitani, mtu asiye na shahada yoyote ya uhandisi, kama wengine wetu. Naye, yasimuliwa, alichonga kielelezo chake kwa kisu katika kipande cha mti. Hataza yake ilitolewa 1873. Miaka ishirini baada ya hapo, yaani 1893, Marekani ikatunga sheria ya kuyalazimisha makampuni ya reli yatumie viungio vinavyojifunga vyenyewe, na leo hata treni za reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, zashikana kwa kanuni ile ile ya karani yule.

Kanuni yenyewe mnayo mikononi. Kunjeni vidole vya mkono wa kuume, hivi. Kunjeni na vya kushoto. Sasa vipachikeni hivi katika vile, kama watoto wanaovutana kupimana nguvu. Vizuri. Mama wa mbele amefahamu. Bwana, kiweke chini kikapu kwanza. Kila kiungio basi ni kiganja chenye kidole kimoja cha chuma kizungukacho katika mhimili wake. Viganja viwili vikigongana, kidole husukumwa ndani, na kufuli huanguka kwa uzito wake lenyewe, pasi na mkono wa mwanadamu kupita katikati. Na wa kutenganisha huinua kufuli kwa wenzo akiwa amesimama kando, salama, vidole vyake kumi vikiwa kamili. Msinione basi kuwa napachika gogo nyuma ya gari. Napachika hapo vidole vyote vilivyonusurika tangu 1893.

Ama mti. Mpwa wangu, ambaye homa ilikuwa imemtoka, alipendekeza mnazi, kwa kuwa mnazi ndio fahari ya kisiwa hiki na hautugharimu kitu. Rai hii ni ya kizalendo na ni batili. Mnazi ni mgumu kwa nje na laini kwa ndani, nyuzi zake zimesongamana kwenye ganda na kutawanyika kwenye moyo, kwa hiyo ukiuchonga kiganja kilichopinda utakuta upande mmoja wakataa tezo na upande wa pili wafumuka kama ufagio. Mikoko ni ya kuachwa majini, na ina wenyewe wanaoilinda. Mwembe wafaa, na mafundi wengi wa mashua wautumia, lakini mwembe ukisahauliwa juani hupasuka, na mimi nilitaka kitu cha kudumu. Nikavuka kwenda Chole, kwa fundi wa mashua ambaye familia yake imeunda vyombo tangu enzi ambayo yeye mwenyewe haijui, nikamwona kakaa kitako juu ya taruma asilolimaliza, na kando yake kipande cha msaji kilichotolewa katika jahazi kuukuu, cheusi kwa nje, chenye kutu za misumari.

Nikamweleza maudhui kwa urefu, kuanzia mkataba wa 1890. Alinisikiliza kwa adabu, akavuta tumbaku yake, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kitavuta nini, bwana mkubwa?" Nikamjibu kwamba hakitavuta kitu, na kwamba hapo ndipo ilipo heshima yake, maana kitu kinachovuta ni hamali, na kitu kinachoweza kuvuta kisivute ni sultani. Fundi akasema kwa hapo bei itazidi kidogo.

Lakini nawaambia, na hapa nitakawia hata mkinikunjia uso, kwamba hamjaona kazi mpaka mmemwona mtu yule akifanya kazi. Alikichora kiganja juu ya msaji kwa ncha ya mkaa, bila ya rula, akakishika kipande kwa nyayo zake mbili, nyayo pana za mtu ambaye hajapata kuvaa kiatu kazini, na tezo ikawa inashuka baina ya vidole vyake vya miguu, ta, ta, ta, ikiondoa mabanzi membamba yaliyojikunja. Uso wa nje ulipokwisha kuondolewa, msaji ule wa miaka mingi baharini ulitoa rangi ya asali, wenye mafuta, kana kwamba umekatwa juzi. Kisha akaleta keekee. Akaizungusha kamba ya upinde juu ya mti wa keekee, akaikandamiza kichwani kwa kipande cha kifuu, akaanza kuuvuta upinde na kuusukuma, polepole, na unga ukawa unapanda juu ya ncha na kujikusanya mviringo. Tundu hilo ni la pini, upana wake milimita 16, na lilitoka sawasawa toka ubavu mmoja mpaka wa pili, bila ya yeye kupima isipokuwa kwa kufumba jicho. Mimi nilikuwa nimekuja na kipimo cha chuma. Nilikiacha mfukoni, si kwa haya, bali kwa kuwa hapakuwa na haja.

Mkia wa kiungio, yaani ile sehemu ya mraba iingiayo bombani, uwe pungufu kidogo kuliko bomba, kwa kuwa msaji nao huvimba masika, na anayeukaza wakati wa kiangazi asishangae Aprili akishindwa kuuchomoa hata kwa nyundo. Kidole kichongwe mbali, kitiwe mhimili wa shaba au wa chuma kisichopata kutu, maana hewa yetu ya chumvi hula bolti ya kawaida kabla ya mwenyewe kumaliza kulipa deni lake. Urefu wa pambo zima, ukiacha mkia, hauzidi shibiri moja. Na ikiwa mtakubali hoja yangu kwamba palipo na kiungio pana reli, basi Mafia sasa ina reli ya urefu wa shibiri moja, fupi kuliko zote Afrika, nami ndiye mkurugenzi wake, mhandisi wake na abiria wake wa daraja la kwanza.

Kuhusu kupaka, fundi alikuwa na shauri lake na mimi nilikuwa na langu, tukayatumia yote mawili. Yeye alikipaka sifa, mafuta ya ini la papa, kama zipakwavyo mbao za chombo ili bahari isizile. Mimi nilikipaka rangi nyeusi ya mafuta, ili kishabihi chuma. Rangi haikushika juu ya sifa. Ilikaa siku chache kisha ikaanza kubanduka magamba magamba, na watu wa mji wakasema imeharibika, hali mwenye jicho la sanaa huona hapo kiungio kilichotumika kwa miaka hamsini katika mvua na jua, jambo ambalo wenzetu wa ng'ambo hulifanya kwa makusudi na kulipia fedha. Ama harufu, ni kweli kwamba kwa majuma kadhaa pikapu ile ilipoegeshwa sokoni ilizungukwa na paka. Sioni aibu. Treni ya Bububu haikupata kupendwa na wanyama kiasi hicho.

Mwenye pikapu, ambaye sitamtaja kwa kuwa mimi na yeye kwa sasa hatuzungumzi, alikuwa ni mchukuzi wa wageni baina ya Kilindoni na Utende, wale wanaokuja kati ya Oktoba na Machi kuogelea na papa potwe. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye kofia, alilizunguka pambo langu mara mbili, akalipiga picha kwa mbele na kwa ubavu, akamwuliza dereva kama hicho ndicho kinywa cha papa potwe. Dereva, badala ya kumwelimisha, alimwambia ndiyo, akapewa bahshishi. Mnaona jinsi upotofu unavyolipwa.

Kisha kulikuwa na mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi ujanani mwake katika karakana ya reli huko Bara, akarudi kustaafu Kirongwe kulima mihogo. Nilimwalika aje alione pambo, nikitaraji machozi. Akainama, akakitia kidole chake katika kidole cha kiungio, akakisukuma, kikazunguka, akakisukuma tena, kikazunguka tena.

"Mwanangu," akasema, "kufuli liko wapi?"

Nikamwambia hakuna kufuli.

"Basi hiki hakifungi."

Nikamweleza, kwa upole kama impasavyo kijana kwa mzee, kwamba yeye ameshikwa na fikra za karakana, na kwamba kufuli ni la mabehewa yasiyoaminiana. Akanitazama. Akasema tena kwamba hata kidole chenyewe nimekiweka ubavu usio wake, na kwamba hakiwezi kukamatana na kiungio chochote duniani. Nilimshukuru kwa ziara yake. Wazee ni hazina, lakini si kila hazina hufaa kufunguliwa mbele ya watu. Na tena, kiungio kisichoweza kukamatana na kingine chochote duniani ni cha pekee duniani, jambo ambalo yeye aliliona kabla yangu lakini akashindwa kulitamka kwa fasaha.

Nafika sasa katika tukio la pwani, kwa kuwa najua mmekuja kwa ajili hiyo, na kwa kuwa limesimuliwa vibaya. Siku ya maji mafu mashua moja ya kuvulia ilikwama mchangani, vijana wakashindwa kuikokota, na mwenye pikapu, badala ya kufunga kamba katika chuma cha gari kama afanyavyo kila mwenye akili, aliifunga katika pambo langu, akatia gea, akakanyaga mafuta. Mengineyo mnayajua. Kamba ilibaki na kiganja, pikapu ikaondoka na mkia, na kidole kikarukia juu ya kibanda cha muuza pweza. Watu walisema pambo limevunjika. Enyi hadhirina, kazi za kiungio ni mbili, kuunga na kutenga; pambo langu halikupewa nafasi ya kuunga, lakini kutenga lilitenga mara moja, bila ya kuinuliwa wenzo, na bila ya mtu yeyote kupoteza kidole chake, jambo ambalo Janney mwenyewe angelilishika mkono. Mashua ndiyo iliyokuwa nzito kupita kiasi. Ripoti yangu juu ya mashua ile nimekwisha kuiandika.

Hata hivyo, kwa kuwa mtaalamu huzidi kuboresha, nimefanya mabadiliko, na pambo la sasa linakuja na kibao kidogo chenye maandishi meupe: USIFUNGE KAMBA. Kibao hicho kisizibe namba ya gari wala taa za breki, kwani askari wa barabarani hawajasoma tarehe ya reli na hawatavutiwa na maelezo yenu. Pini iwe na kibanio chake, maana pini isiyo na kibanio huanguka pahali penye mashimo, na mashimo sikuahidi kuyaondoa. Kila baada ya majuma machache pambo lichomolewe, lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, likaushwe kivulini, lipakwe sifa upya. Na mwenye mke asiyevumilia harufu ya sifa na alipake nje ya nyumba, upande usio na dirisha, baada ya kuomba idhini.

Bwana wa nyuma ameinua mkono. Auliza kama napokea na maagizo ya sura ya mashua, au ya papa potwe, kwa kuwa ndivyo wageni wavipendavyo. Sipokei. Hayo yanaweza kuchongwa na fundi yeyote asiye na elimu, na kwa hakika nasikia kwamba fundi wa Chole amekwisha kuanza kuyachonga, na kwamba anayauza kuliko mimi, na kwamba amempa mpwa wangu kazi ya kuyapiga msasa. Nawatakia heri wote wawili, kwa moyo wa mtu ambaye alilipa bei iliyozidi kidogo.

Kwa yaliyobakia, wenye pikapu wanaotaka kupatiwa kiungio na waje kwangu baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na walete gari lenyewe, si picha yake, kwa kuwa kipimo cha bomba hakichukuliwi kwa simu. Nusu ya malipo ni mbele, na nusu ya pili ni siku ya kupachika. Kidole cha upande wa kulia na kidole cha upande wa kushoto bei yake ni moja, bila ya kujali mzee wa Kirongwe atasema nini. Na wenye matela nawaomba kwa heshima zote wayaache nyumbani.